Gari ya Mwisho Kabisa

Mafaili manne yalikuwa yamefika alfajiri, na Kaaha aliyatazama kwenye simu yake kama mama anayetazama watoto wanne waliovunja sufuria moja. La kwanza liliitwa "gari". La pili "gari mpya". La tatu "gari ya mwisho". La nne, kwa kuwa mumewe alikuwa mtu wa kujali, liliitwa "gari ya mwisho kabisa". Hakuna tarehe. Hakuna kilomita. Hakuna hata neno moja la kumwambia lipi ndilo.

Alifungua la nne kwenye kompyuta kabla ya kwenda kazini, akaona alichokiona, akalifunga. Ilipofika saa nne, mama wa mwisho wa chanjo alipokwisha kumfunga mtoto wake mgongoni na kuondoka, Kaaha alitoka nje ya zahanati akaenda kusimama kando ya tangi la maji. Pale ndipo mtandao ulipokuwa haukatiki, mradi usimame mkono wa kushoto wa bomba na usigeuke.

"Mustafe, lipi nifungue?"

"Wa alaykum salaam na wewe," mumewe akajibu. Alikuwa Garissa, kwenye soko la mifugo, na mbuzi walikuwa wakilia nyuma yake kama darasa lisilo na mwalimu.

"Assalamu alaykum. Lipi nifungue?"

"La mwisho."

"Ya mwisho yako mawili."

"La mwisho kabisa, basi. Si jina linasema?"

"Hilo nimelifungua. Gari halina tairi la spea, na geji inasema kilomita elfu mbili mia nne. Mimi wiki iliyopita nilikukabidhi likiwa elfu mbili mia sita. Limerudi nyuma kwa miguu?"

Mustafe alimfokea mbuzi mmoja ambaye hakuwa amekosa.

"Jaribu hilo la 'gari mpya'," akasema hatimaye.

"Waryaa, wewe unawatambua mbuzi mia mbili kwa alama za masikio. Mbuzi wa Diff, mbuzi wa Buna, huyu ana kikohozi, yule ameibwa. Faili moja huwezi kulipa jina lake?"

"Mbuzi wana sura, Kaaha."

Faili lenyewe likawa ni hilo la "gari mpya".

Walikuwa wameoana miaka miwili na nusu iliyopita, na katika muda huo wote walikuwa wamekaa nyumba moja miezi minane tu. Kaaha alikuwa muuguzi. Kazi ya kudumu ilipopatikana, ilipatikana Bute, huko juu Wajir Kaskazini, na asiyeikubali kazi ya kudumu ni mtu ambaye hajawahi kuitafuta. Mustafe alikuwa afisa wa mifugo, naye kila alipoomba uhamisho aliambiwa asubiri. Basi siku chache kabla ya mkewe kuondoka, alimwekea kwenye kompyuta yake gemu moja aliyoicheza akiwa mwanafunzi.

Ilikuwa gemu ya ajabu. Haikuwa na adui wala zawadi. Unaamka peke yako katika nyumba iliyo jangwani, nje kuna gari kuukuu lililofumuliwa vipande vipande, na kazi yako ni kuliunganisha: injini, radieta, magurudumu, oili, maji, petroli. Ukimaliza unaendesha. Barabara haina mwisho, na kila baada ya mwendo mrefu kuna nyumba iliyohamwa ambamo unaweza kupata kopo la chakula, au mlango wa gari, au usipate kitu. Kiu inaua. Joto linaua. Gari likibiringika linaua. Na nafasi ya kuhifadhi safari yako ni moja tu. Ukifa, gemu inalifuta faili lako yenyewe, bila hata kukuuliza, na unaanzia tena kwenye ile nyumba ya kwanza.

Gemu ilitengenezwa kwa mtu mmoja. Kaaha ndiye aliyegundua kwamba lile faili lilikuwa limelala tu ndani ya folda, kwamba unaweza kulitoa na kumtumia mtu kwenye simu, naye akaliweka kwenye folda yake na kuendelea pale ulipoishia. Hivyo wakawa madereva wawili wa gari moja. Kaaha anaendesha wiki moja, analituma Garissa. Mustafe anaendesha wiki moja, analirudisha Bute. Aliye na faili ndiye dereva, mwenzake haruhusiwi kugusa.

Sheria hiyo ya mwisho ilizaliwa baada ya fujo. Mwezi wa pili wote wawili waliendesha kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na nakala yake, wakajikuta na magari mawili, moja likiwa na radieta mpya na jingine likiwa na petroli, na ikabidi moja litupwe. Walizozana siku tano nzima lipi litupwe. Tangu hapo Kaaha akaamua: akishatuma, anafuta lililo kwenye kompyuta yake. Nakala anaiweka kwenye flashi peke yake, ikiwa na tarehe na kilomita, na faili lililopitwa ni takataka. Hata ujumbe wao wa simu waliuweka ujifute wenyewe baada ya siku saba, kwa sababu simu zote mbili zilikuwa zimejaa.

Ulikuwa utaratibu mzuri. Ulidumu mwaka mmoja na zaidi, mpaka siku flashi ilipoingia mikononi mwa Nunow.

Nunow alikuwa karani aliyepokea ripoti za mwezi za zahanati, kijana mpole mwenye miwani, na Kaaha alimpelekea ripoti yake Alhamisi kwenye flashi ileile, maana hakuwa na nyingine. Akaketi kwenye benchi kusubiri. Nunow alipomrudishia, alimrudishia kwa tabasamu.

"Flashi yako ilikuwa na virusi, dada. Nimekusafishia."

"Umeisafisha vipi?"

"Nimeifomati. Usiwe na wasiwasi, ripoti nilikuwa nimekwisha kuitoa."

"Kulikuwa na folda nyingine humo."

"Ile ya magari?" Nunow akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Kila faili lina jina la gari na tarehe, gari, tarehe, gari, tarehe. Nikajua hiyo ndiyo virusi yenyewe."

Angemwambia nini? Kwamba mwanamke mzima, muuguzi anayeaminiwa funguo za friji ya chanjo, alikuwa na gari la jangwani ambalo halipo duniani? Alimshukuru. Alimshukuru kwa meno yaliyokazwa, akatoka nje, akapiga simu hapohapo kwenye jua.

"Mustafe, nakala zangu zote zimefutwa. Uko wapi?"

"Elfu mbili mia tisa na kitu. Nimepata kabureta—"

"Sikiliza kwanza. Lile nililokutumia Jumapili limeshapitwa, kwa hiyo gari liko kwako tu. Dunia nzima liko kwako tu. Lifanyie nakala leo, kabla hujagusa kitu. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, moja ujitumie kwenye barua pepe."

"Haye."

"Usiniambie haye. Sema 'nitafanya'."

"Nitafanya, Kaaha. Wallahi nitafanya."

Jumapili ilikuwa zamu yake kulipokea gari. Halikuja. Jumatatu alimwandikia, akajibiwa kwamba stima imepotea mtaa mzima. Jumatano bando lilikuwa limeisha. Wiki iliyofuata kompyuta ilikuwa imeazimwa na mwenzake wa kazini aliyekuwa akiandika barua ya kuomba mkopo. Kisha mwenzake akasafiri nayo hadi Masalani. Kisha akarudi, lakini bila waya wa chaji. Kisha waya ukapatikana lakini mtandao wa Garissa, ghafla, ukawa mbovu kuliko wa Bute.

Kaaha alisoma visingizio hivyo kimoja kimoja, na kila kimoja kilimkera zaidi ya kilichotangulia, kwa sababu kila kimoja kiliwezekana. Stima hupotea. Bando huisha. Watu huazima vitu wakasahau kurudisha. Lakini havipangi foleni namna hiyo, kimoja kikitoka kingine kikiingia, kama wagonjwa siku ya daktari. Alipopiga simu, Mustafe alikuwa na haraka. Alipouliza gari liko kilomita ngapi, alisema, "Linasonga, linasonga." Simu zao, ambazo zilikuwa zikienda nusu saa hadi mkono ukachoka, zikawa za dakika mbili. Wiki tano zikapita hivyo.

Likizo yake ya mwaka ilipotoka, hakumwambia mumewe siku halisi atakayofika. Alipanda Land Cruiser ya Kulow, dereva wa miaka mingi wa njia ile, na walipopita Buna kidogo tu radieta ikaanza kutoa moshi. Kulow akafungua boneti, akaomba abiria wamchangie maji yao ya kunywa.

"Huna mtungi wa akiba?" Kaaha akamuuliza.

"Kwa kawaida haichemki."

"Kwa kawaida! Na fenibelti ya pili unayo? Oili?"

Kulow akamtazama kutoka juu hadi chini. "Dada, wewe si ndiye unayechanja watoto?"

Alitoa maji yake, akakaa kwenye kivuli cha gari akinung'unika peke yake. Alikuwa amezungukwa na watu wasioweka akiba. Wajir alilala kwa binamu yake, alfajiri akapanda basi, na ilipofika adhuhuri alikuwa anagonga mlango wa bati wa nyumba ya mama mkwe wake huko Bulla Iftin, vumbi likiwa limemkaa hadi kwenye kope.

Ardo, mama yake Mustafe, alimkumbatia, akamwambia amekonda, akampa maji, halafu shaah, chai ya maziwa ya ngamia, halafu maji tena. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe, na hakuna siri iliyowahi kukaa salama karibu naye, kwa sababu hakuwahi kujua ipi ni siri.

"Mumeo yuko sokoni, atarudi baada ya alasiri," akasema. "Lakini umefanya vizuri kuja, mwanangu. Huyu mtu hatoki nje siku hizi. Akifika tu, kompyuta. Ananiambia, hooyo, mama, nimechelewa, nimechelewa. Umechelewa wapi na umekaa kwenye mkeka? Jana alikuwa anatafuta mlango."

"Mlango gani?"

"Sijui. Wa bluu. Alizunguka humo ndani ya kompyuta mpaka magharibi, kila nyumba anaingia, hakuna mlango wa bluu. Nikamwambia chukua mwekundu. Akanitazama kama nimemtukana."

Kompyuta ilikuwa juu ya kabati, imechomekwa kwenye chaji, waya ukiwa mzima kabisa. Kaaha akaichukua, akaketi chini ya feni, akafungua gemu.

Kwa dakika moja alipumua. Gari lilikuwepo. Bodi ya bluu iliyopauka, birika kwenye dashibodi, godoro lililokunjwa kwenye kiti cha nyuma, vitu vyao vyote vya mwaka mmoja na zaidi. Kisha akaona kwamba birika lilikuwa upande wa kulia, na wao waliliweka kushoto. Akaona mlango wa abiria ulikuwa mweupe. Akainama karibu na skrini akasoma geji. Kilomita mia sita na kumi na moja.

Akaisoma tena. Halafu akafunga kompyuta polepole, akaiweka kando, akamwomba mama mkwe wake shaah nyingine.

Mustafe alipoingia, akiwa bado na koti lake la kazi lenye harufu ya dawa ya kupe, alimwona mkewe, uso ukamng'aa. Kisha akaiona kompyuta iliyokuwa kando yake, na ule mng'ao ukazimika. Alikuwa mtu mrefu, na alipojua amekosa alizoea kusimama kama anayejaribu kuingia kwenye chumba chenye dari fupi.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Nimeenda kilomita nyingi kuliko gari lako."

Ardo aliwatazama wote wawili, akakumbuka kwamba jirani alimwita.

"Lilikufaje?" Kaaha akauliza.

"Nilikuwa nataka kukuambia—"

"Lilikufaje, Mustafe?"

Akaketi. "Nilisimama kwenye mteremko. Kulikuwa na nyumba, nikaona pipa la maji nje. Nikashuka. Nikaenda nyuma kufungua buti nitoe mtungi." Akavuta ukingo wa mkeka. "Nilisahau breki ya mkono."

"Endelea."

"Likarudi nyuma."

"Likakugonga."

"Likanigonga."

"Gari letu wenyewe. Limesimama. Injini imezimwa."

"Ndiyo."

Kaaha alifunika uso kwa mikono yote miwili. Wamevuka dhoruba za mchanga. Wameendesha kilomita tisini bila radieta, wakisimama kila baada ya muda kuipoza injini. Yeye mwenyewe siku moja alikunywa maji ya wipa ili afike nyumba inayofuata akiwa hai. Na mtu huyu amekwenda kuuawa na gari lililosimama.

"Na nakala? Uliniapia wallahi."

"Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nisisahau. Nilikuwa nimalize tu kuteka yale maji kwanza."

"Siku gani?"

"Siku gani nini?"

"Ulikufa siku gani?"

"Jumamosi ile. Mara tu baada ya swala ya alasiri."

Kaaha alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena akitumaini amekosea. "Jumapili iliyotangulia nilikutumia faili kwenye simu. Linakaa siku saba. Jumamosi alasiri lilikuwa bado lipo. Lilikuwa kwangu na lilikuwa kwako, kwenye simu, kilomita elfu mbili mia nane. Lilijifuta kesho yake." Sauti yake ilipanda. "Ungenipigia simu siku ile tungepoteza kilomita mia moja. Mia moja tu! Umenyamaza, tumepoteza zote."

Ilikuwa wazi kwamba Mustafe hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja katika wiki tano.

"Nami nililiacha," Kaaha akasema, maana hakutaka kudhulumu. "Nilijua Nunow amefuta flashi, na bado sikulitoa kwenye simu, kwa sababu nilisema faili lililopitwa ni takataka. Hilo ni langu. Lakini mimi sikukudanganya. Mwenzako wa Masalani yupo kweli?"

"Yupo. Kompyuta hakuazima."

"Subhanallah."

"Nilitaka kulijenga upya kabla hujaja," Mustafe akasema, akitazama mkeka. "Lilelile. Kila siku naenda kilomita kumi na saba, ishirini. Nilidhani hutajua."

"Kwa mwendo huo ungefika baada ya miezi mitano. Nisingejua miezi mitano?"

"Nilidhani utapata kazi nyingi."

Kaaha alitaka kucheka na hakutaka, hasira ikashinda. "Kwa nini? Niambie hilo tu. Ni gemu. Ungesema, Kaaha, nimekufa, samahani. Ningepiga kelele siku mbili, ingeisha. Unaniogopa kiasi hicho?"

Nje, mkokoteni wa maji ulipita, punda akigonga kwato zake kwenye kokoto.

"Ile miezi ya kwanza ulipokwenda Bute," Mustafe akasema, "kabla hujagundua mambo ya faili. Unakumbuka tulizungumza nini kwenye simu? Umekula? Nimekula. Huko kuna joto? Kuna joto. Mvua? Bado. Halafu kila mtu anangoja mwenzake akate. Mimi nilikuwa naiogopa saa ya kukupigia, wallahi. Nakupenda na sina la kukuambia. Halafu gari likaja, tukawa tunagombana kuhusu tairi nusu saa nzima. Lilipokufa nikajisemea, tutarudi kulekule kwenye joto na mvua."

Kaaha alimtazama. Lilikuwa jambo la kweli, na yeye pia aliikumbuka ile saa, amesimama kando ya tangi akitafuta neno. Lakini ukweli huo haukumpoza. Ulimchoma mahali pengine.

"Kwa hiyo ili tusikose la kuzungumza," akasema, "ukaamua tusizungumze kabisa. Wiki tano. Hata joto hukuniuliza."

"Ndiyo," Mustafe akasema. "Nikilisikia kutoka kwako, linasikika la kipumbavu sana."

"Ni la kipumbavu sana."

Asubuhi yake, Ijumaa, walipokuwa wakinywa shaah, Kaaha alikumbuka kitu. Mwaka uliopita, wiki ambayo simu ya Mustafe ilikuwa kwa fundi, Mustafe alilituma gari kwa kutumia simu ya mama yake. Na simu ya Ardo haikuwa na mambo ya kujifuta.

Wakaiomba. Ardo akawapa kwa moyo mmoja, na hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa sababu mama yule hakuwahi kufuta kitu tangu azaliwe. Walipita kwenye video za harusi za watu wasiowajua, mawaidha ya saa nzima, picha za vitambaa vya magauni ya dirac, na sauti za dada zake wa Mandera wakisimulia magonjwa ya magoti. Kila wakikaribia, ujumbe mpya unaingia na skrini inaruka hadi mwanzo. Mara mbili Mustafe aliibonyeza sauti kwa bahati mbaya, na chumba kizima kikajaa shangazi. Ilipita saa moja na zaidi kabla Kaaha hajapiga kelele. Lilikuwepo. "Gari mpya 2." Wiki ile, Kaaha alikumbuka, gari lilikuwa kilomita elfu moja mia moja na arobaini.

"Alhamdulillahi," Mustafe akasema, akalihamishia kwenye kompyuta.

Gemu ikafikiri. Kisha ikaleta kibao cheupe: faili hili ni la toleo la zamani, haliwezi kufunguliwa.

Kaaha alisoma maneno yale mara moja tu. "Toleo la zamani," akasema kwa upole uliomtisha mumewe kuliko kelele. "Umesasisha gemu."

"Baada ya kufa. Walisema toleo jipya lina taa bora."

"Taa."

"Za mbele. Zinamulika mbali zaidi."

Kaaha alisimama, akaenda uani, akazunguka mara tatu huku akimwomba Mungu msamaha kwa sauti, na Ardo aliyekuwa akipepeta mchele akamwambia ni kweli, joto la leo limezidi.

Kwa hiyo likabaki lile la kilomita mia sita na kumi na moja, lenye mlango mweupe. Hawakuwa na jingine: hata kama kompyuta ya Kaaha huko Bute ingelifungua lile la zamani, Garissa lisingefunguka. Walilipakia, na kwa kuwa walikuwa pamoja, waliketi bega kwa bega mbele ya kompyuta moja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Kaaha alikuwa amelingojea jambo hilo kimoyomoyo tangu Bute, na haikupita hata robo saa kabla hajalijutia.

Mustafe akiwa pembeni hakuweza kukaa kimya. "Breki. Breki! Kaaha, shimo." Akiendesha yeye, alikata kona kwa kasi iliyomfanya mkewe ashike mkeka. Alipita nyumba bila kuingia kwa sababu "haina sura ya kuwa na petroli". Alinywa maji yote pasipo kiu. Kaaha alipomuuliza kwa nini radieta ina maji nusu, alisema ndivyo inavyopenda. Siku ya pili waligombana kuhusu birika. Siku ya nne waligombana kuhusu godoro, ambalo halikuwa na kazi yoyote katika gemu ile. Ardo aliuliza kama kuna mtu amekufa.

"Nilikuwa nikidhani tatizo letu ni umbali," Kaaha akamwambia mumewe siku ya sita, baada ya gari kuingia kwenye mtaro huku wote wawili wakiwa wamelishika. "Kumbe umbali ndio uliokuwa unatunza gari hili."

Mustafe aliegemea ukuta, amechoka kama aliyesukuma gari la kweli. "Basi tufanyeje? Zamu tena? Utafuta, nitafuta, Nunow atafuta."

"Hapana." Alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu asubuhi. "Hakuna zamu. Faili hili tunalinakili mara mbili. Moja lako, moja langu. Kuanzia hapa kila mtu ana gari lake."

"Lakini tulikubaliana. Gari moja. Uligombana nami siku tano kuhusu magari mawili."

"Nimebadilisha mawazo. Wewe nenda zako, uue watu kwenye miteremko. Mimi niende zangu. Tukizungumza kwenye simu, unaniambia uliko, nakuambia niliko. Na kila Ijumaa unanitumia nakala yako nikuwekee, nami nakutumia yangu, na ujumbe haujifuti tena, hata simu ikijaa ikapasuka."

Mustafe alifikiri kidogo. "Na likifa langu?"

"Unanipigia. Sekunde ileile. Mwili wako bado haujapoa."

Akamkalisha kwenye kompyuta na kumfundisha upya, hatua kwa hatua, kama alivyowafundisha mama wapya kupima homa: folda iko wapi, unabonyeza wapi, tarehe inaandikwa vipi, kilomita unaziandika wapi. Alimfanya arudie mara tano. Mara ya tatu aliandika "gari nzuri", na Kaaha akampiga kofi la mkono. Aliposafiri kurudi Bute wiki iliyofuata alikuwa na flashi mbili, moja ya zahanati na moja ambayo hakuna karani atakayeiona, na mtungi wa lita kumi za maji ambao Kulow aliutazama bila kusema neno.

Mpaka Ramadhani ilipoingia, gari la Kaaha lilikuwa limevuka kilomita elfu mbili. La Mustafe lilikuwa limekufa mara mbili, mara moja kwa kiu, na mara moja kwa sababu alijaribu kukaanga nyama juu ya injini ikiwa inawaka. Mara zote mbili alimpigia mkewe papo hapo, kabla hata hajainuka kwenye mkeka, na mara zote mbili Kaaha aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama kando ya tangi la maji, akamfokea mpaka simu ikaisha chaji.